Sehemu ya Pili

Sharaffi, mtoto wa kaka yangu, alikuja na simu ya mkopo
na kijiti cha miguu mitatu,
akakisimamisha kando ya mafiga yangu
kama ananiletea mke mwenza.
"Shangazi, biashara siku hizi ni video.
Sekunde tatu za kwanza ndiyo ndoano.
Mtu asiponasa hapo, kidole kimeshakusukuma juu."

Mimi nauza ming'oko hapa Mkuti, Masasi,
karibu na wanaposhukia abiria wa Newala,
fungu mia tano, chumvi juu yangu.
Mwezi wa nane wote mafungu yalirudi nami nyumbani,
tukayala mpaka watoto wakaanza kuyaota.
Nikasema haya, washa.

"Habarini wapendwa..."
Kata.
"Habarini wa..."
Bodaboda. Kata.
"Habarini..."
Mama Chitanda huyo, kaja kudai elfu nne yake,
akaidai yote, mbele ya kamera,
tena kwa jina langu la utotoni.
Kata, kata!

Mara ya saba naambiwa nitabasamu.
Nikatabasamu kama ninayeng'olewa jino.
Nikamwambia, baba, uso huu haujui kuuza.
Piga mikono.

Akapiga mikono.
Mikono inamenya, ganda linavuka kama soksi,
mvuke unapanda,
sekunde ishirini na nane.
Watazamaji mia mbili na kumi na wawili.
Mmoja akaandika: "Bibi, na kucha hizo, nani atakula?"
Sharaffi alitaka kulifuta.
Liache, nikasema. Swali likiulizwa hujibiwa.

Alfajiri nikamtanguliza porini, njia ya Chikundi,
muo begani, dumu la maji mkononi.
Mng'oko juu ya ardhi ni uzi tu,
uzi mkavu uliojisokota kichakani,
unaufuata kwa macho hadi unapozama.
Hapa, nikamwonyesha.
"Hapa hamna kitu, shangazi."
Ndivyo msitu unavyomjibu kila aliyeshiba.

Nikachimba.
Mpaka kifundo. Mpaka kiwiko.
Muo ukikoma, vidole vinashika zamu,
kule chini kucha ndiyo macho.
Jina lake lenyewe ni kazi, mng'oko, kung'oa,
lakini ukiuvuta kwa pupa unakatika,
nusu yako, nusu ya mwenye ardhi, yaani ardhi.
Simu imepata moto mkononi mwa kijana.
"Shangazi, sekunde zinaisha, vuta!"
Sivuti.
"Shangazi!"
Hautoki kwa sekunde tatu, mwanangu.
Wala thelathini.

Video ikakatika bega langu likiwa bado shimoni.

Alinuna njia nzima.
Akairusha hivyohivyo, kwa kuwa bando lilikuwa linaisha saa sita.
Usiku ule simu ilitetemeka mezani
mpaka ikajitupa chini.
"Ulitoka?"
"Mama, ulitoka?"
"Mbona mmetuacha njiani?"
Mtu wa Temeke, mzaliwa wa Nachingwea,
akaandika, "Nimesikia harufu ya ule udongo."
Muongo. Simu haina pua.
Lakini niliirudia sentensi yake mara mbili
kabla ya kulala.
Yule wa kucha hakuandika kitu.

"Tuwajibu nini?" Sharaffi kauliza, macho mekundu kwa usingizi.
Andika: ulitoka mzima, urefu wa mkono wangu.
Andika: Jumamosi, Mkuti, uliza Bi Lukia,
utaukuta sufuriani.

Jumamosi walikuja kumi na mmoja.
Saba wakanunua, mmoja akala amesimama, akaongeza.
Waliobaki walitaka picha na mikono yangu.
Nikaiweka mezani, na udongo wake kwenye kucha,
kama mzigo mwingine wa kuuzwa,
wakapiga, wakashukuru, wakaenda bila fungu.

Na Mama Chitanda alikuwepo, mbele ya wote,
kiganja wazi.
Nikamhesabia elfu mbili.
Akazigeuza, akazitazama, akanitazama.
"Na nyingine?"

Nyingine, nikamwambia,
sehemu ya pili.